Somo la Vipandikizi vya Kahawa na Dawa ya Mizizi

Ninyi walimaji wote, wanaume kwa wanawake, mmekwisha kufanya kazi ya somo hili tangu utoto wenu. Mama akitaka kupanda mihogo, hatafuti mbegu. Anakata shina kuwa vipande, anavichomeka katika udongo, na baada ya siku chache vinachipuka. Viazi vitamu ni vile vile: anakata mashina yanayotambaa, anayafukia, yanashika. Kipande cha namna hiyo, kinachokatwa katika mti mmoja kikawa mti mwingine, ndicho tunachokiita kipandikizi.

Na mama anajua neno jingine tena. Mhogo mtamu unatoa mhogo mtamu, mhogo mchungu unatoa mhogo mchungu. Akichukua kipande katika mhogo wenye majani yaliyojikunja kwa ugonjwa, shamba jipya nalo litakuwa na majani yaliyojikunja. Maana kipandikizi si mtoto mwenye baba na mama. Ni mti ule ule, umepata tu mahali pengine pa kusimama. Shikeni neno hili, somo lote limejengwa juu yake.

Leo tutajifunza kufanya vile vile kwa kahawa ya robusta. Kahawa haishiki upesi kama mhogo. Ndiyo maana watu wengi wanatumia dawa ya kuita mizizi. Dawa hiyo ni nzuri, lakini tuseme kweli tangu mwanzo: dawa ni msaidizi, si mwenye kazi. Mwenye kazi ni wewe, na macho yako, na maji yako, na kivuli chako.

1. Kwa nini tusipande mbegu tu?

Robusta ni mti wa kwetu. Asili yake ni misitu ya Kongo na nchi jirani. Karibu na mwaka 1900 robusta ya Kongo ilipelekwa mpaka Java, kwa kuwa huko ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu kahawa nyingine. Hapa Kongo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilichagua miti bora ya robusta kwa miaka mingi katika kituo chake cha Yangambi, penye mto Kongo.

Lakini mti huu una tabia moja: haujizalishi wenyewe. Unga wa maua yake hauwezi kuzalisha maua ya mti ule ule. Lazima upepo au wadudu walete unga wa mti mwingine. Basi, ukichuma mbegu katika mti wako bora, unamjua mama, baba humjui. Ukipanda mbegu mia moja, utapata miti mia moja isiyofanana: mmoja unazaa sana, mwingine kidogo, mmoja una punje kubwa, mwingine punje ndogo. Nawe hutajua mpaka umelima na kupalilia miaka mitatu hivi. Hasara hiyo ni kubwa kwa mtu mwenye shamba dogo.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Kuna ugonjwa wa kukausha kahawa, unaoitwa trakeomikozi. Unaletwa na kuvu iitwayo Fusarium xylarioides. Kuvu hiyo inaingia ndani ya mti na kuziba njia za maji. Majani yanageuka manjano, yanajikunja, yanaanguka, matawi yanakauka, mwisho mti wote unakufa. Ukikwangua ganda la shina unaona ubao wenye rangi ya kahawia au ya bluu na nyeusi. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha kushikwa: unang'olewa na kuchomwa moto palepale.

Ugonjwa huu ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika miaka ya 1980 ulirudi kwa nguvu kaskazini-mashariki mwa Kongo, kisha mwaka 1993 ukaonekana Uganda, ukaua kahawa nyingi sana. Wachunguzi wa Uganda, huko Kituza, walitafuta miti ya robusta iliyoshindana na ugonjwa huo. Walipoipata, waliizidisha kwa njia gani? Kwa vipandikizi. Kwa mbegu, nguvu ya mama ingaliweza kupotea kwa watoto wengi. Kwa vipandikizi, mti mmoja wenye nguvu unakuwa miti elfu yenye nguvu ile ile.

2. Dawa ya mizizi ni nini?

Kila mti una maji ya ndani yanayouambia: hapa ota jani, hapa ota mzizi. Moja la maji hayo linaitwa oksini. Linatengenezwa hasa katika ncha changa na majani machanga, kisha linashuka chini katika shina. Ukikata kipande, oksini inashuka mpaka penye kidonda cha chini, inakusanyika pale, na mizizi inatoka pale. Sasa mnaelewa mambo mawili. Kwanza, kipande cha kahawa kisicho na jani hata moja hakina nguvu. Pili, ukipanda kipande kichwa chini, umeigeuza njia ya oksini, na kazi yako imeharibika.

Mholanzi Frits Went ndiye aliyeonyesha kazi ya oksini, katika miaka ya 1926 mpaka 1928, kwa kutumia miche michanga ya shayiri. Mwaka 1934 wenzake wa Uholanzi waliipata oksini moja katika kitu ambacho hamtakitazamia: mkojo wa watu. Mwaka 1935, huko Marekani, Zimmerman na Wilcoxon walionyesha kwamba dawa nyingine zinazofanana nayo zinaita mizizi vizuri zaidi. Mojawapo ni asidi indolibutiriki, na hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo katika dawa nyingi za mizizi. Kwa kawaida inauzwa imechanganywa na unga mweupe kama poda ya mtoto.

Nguvu ya unga huo si moja. Kuna wenye gramu 1 ya dawa katika kilo 1 ya unga: ni wa vipande laini. Kuna wenye gramu 3: ni wa vipande vilivyokomaa kiasi. Kuna wenye gramu 8: ni wa vipande vigumu kama ubao. Someni maandiko ya mkebe kabla ya kununua. Kwa kahawa, jaribuni kwanza ule wa katikati. Msidhani kwamba dawa kali ni dawa bora. Dawa ikizidi, chini ya kipande panakuwa peusi, panaoza, na mizizi haitoki.

Tena, msinunue dawa kwa kila mmea. Mhogo, kiazi kitamu na muwa havihitaji. Mgomba unazidishwa kwa machipukizi yake. Ngazi, yaani mchikichi, haukubali vipandikizi hata ukiumwagia mkebe mzima.

3. Kuchagua mti mama

Tembea katika shamba lako wakati wa mavuno, si siku moja tu. Weka alama kwa miti inayozaa vizuri mwaka hata mwaka, yenye majani ya afya. Usichague kwa mavuno ya mwaka mmoja. Kama kuna kituo kinachotoa miti iliyokwisha kuchunguzwa, omba kwanza hiyo.

Usichukue kipande katika mti mgonjwa, wala katika mti mzuri unaosimama karibu na miti iliyokufa kwa trakeomikozi. Kuvu inapita penye vidonda, na kisu kinaweza kuibeba. Kabla ya kwenda mti mwingine, futa udongo katika kisu au sekateri, kisha uoshe kwa spiriti au maji ya Javel. Ni kazi ya dakika moja, inaokoa shamba.

Kahawa ina matawi ya namna mbili. Kuna matawi ya pembeni, yanayozaa matunda. Na kuna machipukizi yanayosimama wima kutoka katika shina. Kateni machipukizi ya wima tu. Tawi la pembeni linaweza kuota mizizi, lakini litabaki tawi la pembeni: litatambaa kama kichaka, halitasimama kuwa mti. Kosa hili linaonekana baada ya miezi mingi, wakati jasho limekwisha kumwagika.

Ili mti mama utoe machipukizi mengi, upinde shina lake na kulifunga kwa kamba penye kijiti. Machipukizi yatasimama juu ya mgongo wa shina lililopindwa. Yangojee miezi minne mpaka sita, yawe ya kijani lakini yenye kushikika vizuri mkononi.

4. Kutengeneza kitanda

Fanya kitanda kabla ya kukata machipukizi. Mtu anayekata kwanza na kutafuta mchanga baadaye, amekwisha kuua vipande vyake.

Chagua mahali karibu na maji. Jenga paa la kivuli, la majani ya ngazi au fito, linaloacha kama robo moja ya jua kupita. Chini yake pima kitanda cha upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati. Zungusha matofali au mbao. Tia kwanza mawe madogo ili maji yapite, kisha mchanga mnene uliooshwa, au unga wa mbao uliooza vizuri, urefu wa sentimeta 15 hivi. Usitie samadi: kipande kisicho na mizizi hakiwezi kula, na samadi itakiozesha.

Pinda fito juu ya kitanda kama mgongo wa kobe, ufunike kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Kando zake zifukie udongoni, hewa isitoke. Ndani hewa itakuwa na unyevu mwingi. Huo unyevu ndio uhai wa vipandikizi. Mti wenye mizizi unakunywa chini na kutoa maji katika majani. Kipande kinatoa maji katika jani, lakini hakina kinywa cha kunywea. Ukikiacha katika hewa kavu, kinakufa kwa kiu kabla mzizi haujazaliwa, na hakuna dawa itakayokisaidia.

5. Kukata

Kata machipukizi asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Yatie mara moja katika ndoo yenye maji, au yafunge kwa gunia lililoloweshwa. Yapeleke kivulini.

Ncha ya juu iliyo laini itupe, itaoza. Sehemu ya chini iliyo ngumu na ya rangi ya kahawia nayo iache. Tumia sehemu ya katikati. Kila kipande kiwe na kifundo kimoja, yaani mahali pale majani mawili yanapotoka. Juu ya kifundo acha kama sentimeta 1. Chini yake acha sentimeta 4 mpaka 6. Upande wa chini kata kwa mshazari: hivyo hutasahau upande upi ni chini. Kisu kiwe kikali sana. Kisu butu kinaponda, na palipopondwa panaoza.

Punguza kila jani, ubakize theluthi moja au nusu. Ukiacha jani zima, litatoa maji mengi. Ukiondoa lote, kipande kitakosa chakula na oksini.

6. Kutia dawa

Fuateni utaratibu huu, wala msiruke neno.

Kwanza, mimina dawa kidogo katika kisahani, kiasi cha kazi ya leo tu. Usichovye vipande katika mkebe wenyewe, utaingiza maji na uchafu, na dawa yote itaharibika.

Pili, kung'uta maji katika kipande. Chini yake pawe na unyevu kidogo ili unga ushike, lakini pasitiririke maji.

Tatu, chovya ncha ya chini tu, sentimeta 1 hivi. Kisha pigapiga kipande kwa kidole ili unga uliozidi uanguke. Unga mwembamba unatosha.

Nne, toboa shimo mchangani kwa kijiti, kisha ingiza kipande, kifundo kiwe sawasawa na uso wa mchanga. Ukisukuma kipande bila shimo, unga wote utabaki juu ya mchanga, nawe utasema dawa haina nguvu. Bana mchanga kwa vidole pande zote mbili. Majani yasilaliane.

Tano, dawa iliyobaki katika kisahani itupe, usiirudishe. Mkebe ufunge vizuri, uuweke mahali pakavu, pa giza, pasipo joto, mbali na watoto na chakula. Nawa mikono. Kisahani cha dawa kisirudi jikoni.

7. Kutunza

Nyunyiza maji kwa matone madogo, funika upesi. Kila asubuhi tazama plastiki kwa ndani. Ukiona matone yamejaa, unyevu unatosha. Plastiki ikiwa kavu, nyunyizia. Mchanga uwe na unyevu, usiwe matope. Jani lililoanguka au kipande cheusi kitoe siku ile ile.

Usichomoe vipande kila siku kutazama mizizi. Kwanza kidonda kinafungwa na kovu jeupe lililovimba. Hilo bado si mzizi. Baada ya wiki 6 mpaka 8 vuta kimoja taratibu sana. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Mizizi ikiwa mingi, hamishia miche katika mifuko yenye udongo mzuri wa juu, ukiirudisha chini ya plastiki siku chache. Halafu anza kuizoeza: fungua plastiki kidogo asubuhi, kisha nusu ya siku, kisha ondoa kabisa; baadaye punguza kivuli polepole. Kazi hii inachukua miezi miwili mpaka mitatu. Toka siku ya kukata mpaka kupanda shambani hesabu miezi minane au tisa, nawe upange ili mwisho wake uangukie mwanzo wa mvua.

8. Shambani: usipande mama mmoja

Hapa ndipo watu wenye bidii wanapokosea. Mtu ana mti mmoja wa ajabu. Anaukata, anapata miche 500, anapanda shamba zima. Maua yanatoka meupe kama pamba, anafurahi. Kisha matunda hayaonekani. Kwa nini? Tumesema robusta haujizalishi wenyewe, na tumesema kipandikizi ni mti ule ule. Miti yake 500 ni mti mmoja tu! Hakuna wa kumpa mwenzake unga.

Basi chukueni vipande kwa mama watano au sita walio mbalimbali, wanaochanua wakati mmoja. Andikeni alama ya kila mama tangu kitandani. Shambani pandeni mistari kwa kubadilisha: mama wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha rudieni. Kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hektari moja inaingia miti 1.111. Kuchanganya huku kunawalinda na jambo jingine pia: ugonjwa mpya ukija kuushinda mama mmoja, wengine wanaweza kusimama.

9. Jaribio la kufanya ninyi wenyewe

Tuseme kuna walimaji wawili jirani. Wa kwanza amenunua dawa ya bei kubwa, amechovya vipande vizuri, lakini amevipanda bila plastiki, kwenye jua. Wa pili hana franka za dawa, lakini kivuli chake ni kizuri, plastiki imefungwa, kisu kikali, mama wazuri. Nani atapata miche? Ni wa pili. Robusta inaweza kuota mizizi hata bila dawa, kama ikitunzwa vizuri. Dawa inaongeza hesabu ya vipande vinavyoshika, inavifanya vishike pamoja, na mizizi iwe mingi.

Je, kwako inafaa kuinunua kila mwaka? Msiamini mwuza dawa tu. Hesabuni. Chukua vipande 100 vya mama mmoja, siku moja, kitanda kimoja. Vipande 50 tia dawa, vipande 50 usitie. Weka kijiti katikati. Baada ya wiki 8 hesabu walioshika kila upande.

Kama 42 wameshika kwa dawa, na 40 bila dawa, weka franka zako, nunua plastiki nzuri. Kama 42 wameshika kwa dawa, na 20 bila dawa, dawa imejilipa. Na kama wamekufa pande zote mbili, usilaumu dawa: rudi katika sehemu ya 4 na ya 5, utafute kosa katika maji, kivuli au kisu.

Maulizo

1. Kwa nini mbegu za mti mmoja wa robusta hazitoi miti inayofanana?
2. Kwa nini tunakata machipukizi ya wima, wala si matawi ya pembeni?
3. Kwa nini tunapunguza jani, wala hatuliondoi lote?
4. Plastiki ina kazi gani juu ya kitanda?
5. Taja makosa mawili yanayoharibu dawa katika mkebe.
6. Mtu amepanda shamba zima kwa vipande vya mti mmoja. Maua ni mengi, matunda hakuna. Mweleze sababu.
7. Vipande vyenye dawa na visivyo na dawa vimekufa vyote. Utatazama nini kwanza?

Mkiisha kujibu, fanyeni jaribio la vipande 100. Andikeni hesabu yenu katika karatasi, mwonyesheni moniteri wa kilimo, mwonyesheni na jirani. Hesabu ya kitanda chenu wenyewe itawafundisha kuliko somo hili.